Nani Alijenga Kilwa? Swali Moja Mbele ya Fani Nyingi

Utafiti wa kitaaluma huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni kazi ya aina moja, yenye maabara, makoti meupe na matokeo yanayotangazwa redioni, ilhali ndani ya chuo kikuu kimoja hukutwa watu ambao njia zao za kujua jambo hazifanani hata kidogo. Wa fani za insia, yaani elimu zinazomchunguza binadamu kupitia maandishi, lugha, sanaa na kumbukumbu zake, humhoji shahidi anayesema. Wa sayansi asilia humpima shahidi aliye bubu, kama vile mfupa, punje ya mbegu au kipande cha shaba. Kila upande una namna yake ya kuthibitisha na, jambo lisilotajwa sana, kila upande una namna yake ya kukosea. Tofauti hizo huonekana waziwazi pale fani nyingi zinapokutana juu ya swali moja, na katika Afrika Mashariki ni maswali machache yaliyokutanisha fani nyingi kama lile la asili ya miji ya kale ya Waswahili, hasa mji wa Kilwa Kisiwani.

Magofu ya mji huo yako kwenye kisiwa kidogo katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Hapo umesimama Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ilijengwa katika karne ya 11 au ya 12, na Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wakati Kilwa ilipokuwa ikishika njia ya dhahabu iliyotoka bandari ya Sofala, kusini zaidi. UNESCO iliyaingiza magofu hayo, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa humo baada ya kukarabatiwa. Anayeyatazama hana budi kuuliza ni watu gani waliojenga, na kwa muda mrefu jibu lilichukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye maandishi.

Maandishi yenyewe ni tarihi ya Kilwa, ambayo imetufikia kwa njia mbili. Moja ni muhtasari wa Kireno uliochapishwa mwaka 1552 na João de Barros, mtumishi wa serikali mjini Lisbon ambaye hakuwahi kukanyaga pwani hii. Nyingine ni nakala ya Kiarabu iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877, ikapelekwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1895. Zote mbili zinasimulia habari ya Washirazi waliovuka bahari kutoka Uajemi, na katika nakala ya Kiarabu ni baba na wanawe sita katika majahazi saba, ambapo mmoja wao, Ali bin al-Hasan, alishuka Kilwa na kukinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote. Kisha mtawala wa bara aliyekiuza alipotaka kurudi, mkono wa bahari uliokuwa ukivukwa kwa miguu maji yakitoka ukachimbwa, asiweze kupita. Mwanahistoria hamwiti mwandishi wa tarihi mwongo wala hamsadiki kila neno. Huanza kwa kuuliza aliandika lini, kwa ajili ya nani, na alipata wapi habari zake. Mwandishi wa nakala ya Kiarabu alizaliwa mwaka 1499, yaani takriban miaka 500 baada ya mambo anayoyasimulia, na alizaliwa katika mji ambao heshima ya watawala wake ilisimama juu ya nasaba ya ng'ambo. Kwa msomaji wa namna hiyo, nguo zilizokizunguka kisiwa haziwi kipimo cha dhiraa; zinakuwa ushahidi kwamba watu wa Kilwa wenyewe waliuona mji wao kuwa umezaliwa na biashara ya vitambaa baina ya bahari na bara.

Fani ya pili ilikuja na sululu. Akiolojia ni elimu ya kuchunguza maisha ya kale kwa mabaki yaliyofukiwa, na kanuni yake kuu ni ya tabaka: ardhi isipochokorwa, kilicho chini kimetangulia kilicho juu. Neville Chittick, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale Tanganyika na baadaye mkuu wa taasisi ya Uingereza ya historia na akiolojia katika Afrika Mashariki, alichimba Kilwa kwa miaka kadhaa tangu mwishoni mwa muongo wa 1950, akatoa kitabu cha juzuu mbili mwaka 1974. Vigae vya bakuli za China na za Uajemi vilimsaidia kukadiria umri wa tabaka, kwa kuwa inajulikana mitindo ya vyombo hivyo ilitengenezwa lini huko ilikotoka, nazo sarafu zikamwambia majina ya masultani. Chittick alifikia uamuzi kwamba watu walikuwa kisiwani tangu karne ya 9 hivi, lakini ukoo wa Washirazi haukushika utawala mpaka mwishoni mwa karne ya 12, kinyume na tarihi inayouweka karibu miaka 200 kabla. Uamuzi huo ulionekana imara, na ulidumu takriban miaka 10.

Kilichouangusha ni elimu ya sarafu, tawi ambalo watu wengi hulidhania kuwa ni burudani ya wakusanyaji. Sarafu za shaba za Kilwa ni ndogo. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimetungwa zioane kwa vina, kama mishororo miwili ya shairi. Tatizo lake ni kwamba hazina tarehe. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, iliibuka akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, baadhi zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu zilizopigwa chapa na watawala wa nje, ambao walikuwa na desturi ya kuandika mwaka. Dinari ya karibuni zaidi ilikuwa ya mwaka 1066. Hesabu hapo ni nyepesi: kama hazina imefukiwa karibu na wakati huo, basi Ali bin al-Hasan alikuwa ameshatoa sarafu katika karne ya 11, na tarihi iliyotiliwa shaka ikawa imekaribia ukweli kuliko mchimbaji. Kwa haki, ni lazima isemwe kwamba Chittick hakukosea kwa uzembe, bali alihukumu kwa ushahidi uliokuwa mkononi mwake. Na kosa lake lilionekana kwa sababu aliandika kwa uwazi alichokipata na tabaka alimokipata.

Msomaji atauliza kwa nini umri usipimwe tu maabara, jambo likaisha. Kipimo kipo, nacho ni cha kaboni 14, aina ya kaboni iliyomo katika kila kiumbe hai, ambayo baada ya kiumbe kufa hupungua kwa mwendo unaojulikana, nusu yake ikitoweka kila baada ya miaka 5,730. Lakini bahari huweka mtego wake. Maji ya kina kirefu hukaa na kaboni ya zamani, kwa hiyo chaza au samaki aliyevuliwa leo, akipimwa bila marekebisho, huonekana kana kwamba alikufa karne kadhaa zilizopita. Watu wa Kilwa walikula samaki na chaza, na mifupa yao ikarithi uzee huo wa uongo kwa kadiri ya walichokula. Mwanafizikia kwa hiyo humhitaji mtaalamu wa bahari, na wote wawili humhitaji mwanaakiolojia awaambie marehemu alikuwa akila nini. Makaa ya mti wa bara ni shahidi mwepesi zaidi, ingawa nayo yana hila zao, maana mtu huweza kuchoma boriti iliyokatwa na babu yake.

Wakati huohuo kundi jingine la wanaakiolojia lilikuwa limebadilisha swali lenyewe. Waliowatangulia walitazama kuta za mawe na vyombo vya nje. Hawa walitazama vyungu vya kupikia. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika utafiti wake wa pwani ya kati ya Tanzania aliouchapisha mwaka 1994, alifuatilia vyungu vilivyochorwa pembetatu shingoni kabla ya kuchomwa, mtindo ulioenea kati ya karne ya 6 na ya 10 hivi, akaonyesha kwamba unapatikana pwani, visiwani na mbali ndani ya bara, na kwamba una uhusiano na vyungu vya wafua chuma waliotangulia. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti midogo ya miti iliyofuatana, mmoja juu ya mwingine, tangu karne ya 8. Chungu hakina fahari ya bakuli la China, na pengine ndiyo sababu kilichelewa kusikilizwa. Lakini bakuli hununuliwa na yeyote mwenye mali, ilhali chungu hufinyangwa na wenyeji kwa mkono na kwa mtindo waliofundishwa na mama zao.

Hapo isimu nayo ina neno. Mwanaisimu wa historia hachimbi chochote. Hulinganisha lugha zilizo hai, akiongozwa na kanuni kwamba sauti hazibadiliki ovyo bali kwa utaratibu. Mswahili husema mti, moto, tatu. Mgiriama husema muhi, moho, hahu. Palipo na t upande mmoja pana h upande wa pili, si katika neno moja bali katika msururu wa maneno ya kila siku, na mpangilio kama huo hauwezi kuwa wa kukopana wala wa bahati. Ni dalili ya asili moja iliyogawanyika. Kwa ulinganisho wa namna hii Kiswahili kimewekwa pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Ngazija na visiwa jirani katika kundi liitwalo Sabaki, tawi la lugha za Kibantu. Mwaka 1985 mwanaisimu Derek Nurse na mwanahistoria Thomas Spear waliandika pamoja kitabu kilichohoji vikali masimulizi ya Washirazi kwa kutumia ushahidi huo, nacho kikawa mfano wa fani mbili kushika kalamu moja.

Lugha pia huhifadhi kumbukumbu za ukopaji. Sita, saba na tisa ni maneno ya Kiarabu, lakini kabla yake palikuwa na tandatu, fungate na kenda. Kenda bado lipo kwa wazee na washairi, na fungate hutajwa katika kila harusi, na ni wachache wanaokumbuka kwamba maana yake ni zile siku saba. Neno la zamani halikufa, lilihamia chumba cha maharusi. Uchunguzi wa maneno ya mkopo umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya yale ya Kiarabu iliingia katika karne za karibuni, hasa enzi za Waomani, na kwamba ya Kiajemi ni machache, mengi yakiwa ya bandarini, kama bandari yenyewe na nahodha. Kwa mwanaisimu basi, watu waliojenga Kilwa waliongea lugha ya Kibantu, na Mwajemi kama alikuwapo alikuja akajifunza.

Hata neno la shahidi wa macho limehitaji msaada wa fani nyingine. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji kwa uzuri wake, kisha akaeleza kwamba nyumba zake ni za miti. Wasomaji wa kitabu chake walishangaa, kwa kuwa Husuni Kubwa ni ya mawe na matumbawe, wengine wakadhani mnakili alikosea. Jibu limetafutwa si maktabani bali kwa kifaa kinachopima sumaku ya ardhi, maana udongo uliowahi kuungua, kama wa meko au wa ukuta wa nyumba iliyoteketea, huacha alama ya sumaku inayosomeka bila kuchimba. Huko Songo Mnara, timu ya Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher ilianza mwaka 2009 kuchunguza viwanja vilivyodhaniwa kuwa vitupu katikati ya magofu, na ikakuta nyumba za fito na udongo. Wakazi wengi wa miji hiyo hawakulala katika nyumba za mawe, na msafiri huenda aliandika tu alichokiona.

Chakula chao kimefuatiliwa kwa mbinu inayofanana na kazi ya jikoni. Udongo uliochimbwa hutiwa kwenye pipa la maji na kukorogwa taratibu. Mchanga huzama, mbegu zilizoungua huelea, zikaopolewa kwa kitambaa, kukaushwa kivulini na kutazamwa kwa darubini. Mtaalamu wa mimea huweza kuitambua punje ya mtama, uwele, mpunga au choroko kwa umbo lake hata ikiwa makaa. Kwa njia hiyo imejulikana kwamba watu wa kwanza wa miji hii walikula zaidi nafaka za Kiafrika, hasa uwele na mtama, na kwamba huko Pemba mchele ulipanda daraja kuanzia karne ya 11 hivi, karibu na wakati wa zile sarafu za Mtambwe Mkuu. Wali, kwa maneno mengine, una tarehe.

Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba uliofanywa na kundi kubwa la watafiti, wakiwamo Chapurukha Kusimba na David Reich, juu ya mifupa ya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa bara. Vinasaba ni maelekezo ya urithi yaliyomo karibu katika kila seli ya mwili, na sehemu zake mbili zina faida ya pekee kwa mwanahistoria: moja hupita kwa mama peke yake, nyingine kutoka kwa baba hadi kwa mwana wa kiume. Ilionekana kwamba upande wa mama karibu wote ulikuwa wa Kiafrika, na kwamba sehemu kubwa ya urithi wa Kiasia, uliokuwamo katika wengi wao, ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na mchango mdogo wa India. Baada ya mwaka 1500 hivi, chanzo kikahamia zaidi Uarabuni. Wakati wa kuchanganyika nao ulipimwa. Kila kizazi hukata na kuunga upya nyuzi za urithi, hivyo vipande vilivyotoka kwa mgeni huzidi kuwa vifupi kadiri vizazi vinavyopita, na urefu wa wastani hugeuzwa kuwa idadi ya vizazi, kisha miaka. Hesabu ikaangukia karibu mwaka 1000.

Wako waliopokea habari hiyo kama ushindi wa tarihi ya Washirazi, na wako walioiona kuwa dharau kwa Uafrika wa Waswahili. Pande zote mbili zilisoma haraka. Mifupa iliyopimwa ilitoka kwa wingi katika makaburi ya watu wa daraja, karibu na misikiti na nyumba za mawe, wala haiwezi kusimama badala ya wale wa nyumba za udongo waliokuwa wengi zaidi. Vinasaba havisemi mtu aliongea lugha gani, alijiitaje, wala alipika katika chungu cha mtindo gani. Mambo hayo yako mikononi mwa isimu na akiolojia, nazo zimekwisha kutoa ushahidi wao. Yakiwekwa pamoja, maelezo yanayosimama ni haya: wageni kutoka Uajemi walifika kweli karibu na wakati ule tarihi inaousema, lakini walifika katika miji iliyokwisha kuwapo, wakaoa katika koo za wenyeji, na watoto wao wakakua katika lugha ya mama zao. Aliyeuliza kama Kilwa ilijengwa na Waafrika au na Waajemi alikuwa ameuliza vibaya, na ilichukua zaidi ya karne moja ya kazi ya fani nyingi kulionyesha hilo.

Ushahidi wa Kilwa haukubaki kisiwani. Barua za Kiswahili zilizoandikwa huko kwa hati ya Kiarabu mwaka 1711, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani zaidi yanayojulikana, zimehifadhiwa Goa, nchini India. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu. Ya ajabu zaidi ni sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 na askari wa Australia kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi hiyo, ambaye alikaa nazo mpaka mwaka 1979 ndipo akazipeleka zitambuliwe. Majina ya masultani yalisomeka. Ila zilifikaje huko, na lini, hakuna awezaye kusema, kwa kuwa tabaka lililozilaza halikuandikwa na mtu yeyote. Zile za Mtambwe Mkuu zilisahihisha historia ya pwani nzima kwa sababu zilikutwa pamoja, nazo hizi tano zimebaki kuwa kitendawili.

Mvua kubwa na mawimbi huendelea kufukua vigae na sarafu katika fukwe za Kilwa, Mafia na Lindi, na mara nyingi wa kwanza kuviona si mtafiti bali mvuvi, mkulima au mtoto anayeokota chaza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 humtaka anayegundua kitu cha namna hiyo Tanzania Bara atoe taarifa. Msomaji atakayekiona basi akiache palepale kilipo, aweke alama, na amwite ofisa wa Mambo ya Kale au mwenyekiti wa kijiji kabla hakijaguswa na mkono mwingine.